Ubani, silika na koki niliyoisahau

  

Nimeombwa niandike kuhusu kazi ya maabara. Basi nimechagua kromatografia ya safu, yaani kutenganisha vitu vilivyochanganyika kwa kuvipitisha kwenye bomba la kioo lililojaa unga wa silika. Nitaieleza kwa ubani, na sababu yake ni bibi mmoja wa Ibra, mkoa wa Sharqiyah Kaskazini. Kazaliwa Unguja, akaja Oman miaka ya sabini kama familia nyingi zilizorudi baada ya 1970. Kila usiku hutia vipande vya ubani kwenye kikombe cha maji, asubuhi akanywa kwa ajili ya magoti. Aliposikia nafanyia ubani utafiti akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, hicho kinachonifaa humo ndani ndicho nini?" Sikuwa na jibu.

Ubani wa Oman hutoka Dhofar, kusini kabisa, kwenye mti uitwao Boswellia sacra. Una mafuta yanayonukia, una gundi, na una utomvu wenye asidi za boswelia. Asidi hizo ni ndugu, zinafanana mno. Wengi hudhani safu ni kama kifumbu cha tui, kwamba vidogo vinapita na vikubwa vinabaki. Sivyo. Chukulia watu wawili wanaingia soko la Nizwa Ijumaa asubuhi, siku ya mnada wa mbuzi, kwa mlango mmoja na saa moja. Mmoja anasalimia kila duka, mwingine hana habari na mtu. Wote watatoka upande wa pili, lakini si pamoja. Silika ndiyo maduka: imejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyonasa molekuli zenye tabia kama yake. Kiyeyushi kinachoteremka ndicho umati unaowasukuma mbele.

Mbinu yenyewe ni ya Mikhail Tswett, Mrusi mtaalamu wa mimea, aliyeieleza huko Warsaw mwaka 1903 na kuipa jina mwaka 1906. Alitenganisha rangi za majani kwa kutumia chokaa, akaona mistari ya kijani na manjano ikiachana. Yeye alikuwa na bahati, vitu vyake vilikuwa na rangi! Asidi za ubani hazina rangi, huoni kitu.

Nilikuwa na gramu 2 za asidi zilizotolewa kwenye ubani, kazi ya wiki mbili. Nikapima silika gramu 80 (fanyeni hivyo ndani ya kabati la kufyonza hewa, vumbi lake ni baya kwa mapafu). Nikakoroga na heksani mpaka ikawa kama uji, nikaimimina kwenye bomba lenye pamba chini, huku nikiligonga gonga ili mapovu yatoke. Juu nikaweka asidi zangu, kisha mchanga kidogo ili uso usichimbike. Unaanza na heksani, halafu unaongeza etili asetati kidogo kidogo. Ukiongeza kwa pupa silika inapata joto, mapovu yanatokea na safu inapasuka. Matone machache ya asidi ya siki husaidia asidi zisiburute mkia.

Kinachotoka unakikinga kwenye vichupa, mililita 20 kila kimoja, na kila kimoja unakipima kwenye kibao chembamba chenye silika. Chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254, zile asidi zenye kundi la ketoni huonekana kama doa jeusi. Nyingine hazionekani vizuri mpaka upulizie asidi ya salfa iliyozimuliwa na kupasha moto.

Kwenye kichupa cha 37 nikaenda kunywa chai. Bwana wee! Koki nimeiacha wazi. Niliporudi kiyeyushi kimeshuka chini ya uso wa silika, safu imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Kuanzia hapo kila kichupa kilikuwa na madoa matatu. Hakuna wa kumlaumu, ni mimi na chai yangu. Nikakusanya kila kitu, nikakausha, nikaanza upya na safu mpya. Nililala maabara. Alfajiri ya pili nikapata doa moja tupu, na baada ya kukausha, unga mweupe wa miligramu chache.

Nilimpelekea bibi habari, si unga. Nikamwambia kutenganisha kitu si kuthibitisha kwamba kinaponya, na dawa za hospitali asiache. Lakini jambo moja nilikuwa na hakika nalo: asidi hizi huyeyuka kidogo sana kwenye maji. Anachokunywa ni gundi zaidi, asidi nyingi zinabaki kwenye vile vipande chini ya kikombe.

"Kumbe miaka yote namwaga?" akasema, akacheka mpaka akakohoa. Sasa havimwagi. Maji yake anakunywa vilevile, na vipande anavianika dirishani, jioni anavitia kwenye chetezo.