Okidi mwitu za Pwani: Zitambue kabla hujazipakia

WAFANYABIASHARA wadogo wanaovuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro wamezoea utaratibu wa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachohusu mizigo isiyozidi Dola 2,000 za Marekani inayotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini cheti hicho hakimwokoi muuza miche ambaye mzigo wake umekutwa na okidi iliyong'olewa msituni.

Sababu ni kwamba jamii nzima ya okidi imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Okidi nyingi zimo katika Kiambatisho cha Pili: biashara yake haijapigwa marufuku, ila lazima kiwepo kibali cha nchi inakotoka. Thamani ya mzigo haiangaliwi.

Kwa hiyo, anayenunua miche Kwale, Kilifi au Tanga ili akaiuze ng'ambo ya mpaka anahitaji kuitambua okidi kwa macho yake mwenyewe.

Alama za kwanza

Ua la okidi lina sehemu tatu za nje na tatu za ndani. Moja kati ya zile za ndani hutofautiana na nyingine kwa umbo au rangi; huo ndio mdomo, anapotua mdudu. Katikati, viungo vya kiume na vya kike vimeungana kuwa nguzo moja.

Kama hakuna ua, tazama mizizi. Okidi za juu ya miti zina mizizi minene yenye ganda jeupe la kijivu, laini kama sifongo, linalogeuka kijani likilowa. Mizizi hiyo hushika gome tu. Hainyonyi mti kama kimelea.

Nne za kukumbuka

*Ansellia africana*, okidi chui, ina mashina kama vipande vya muwa na maua ya njano yenye madoa ya kahawia. Baadhi ya mizizi yake huchomoza kuelekea juu na kunasa majani makavu. Uzuri wake ndio unaoiponza, kwani hutafutwa sana na wapenda maua.

*Angraecum giryamae*, iliyobeba jina la Wagiriama, huota juu ya miti na mawe ya matumbawe. Majani yake ni marefu kama mkanda, yamepangwa kushoto na kulia. Mdomo wa ua ni mweupe, na harufu yake huzidi usiku.

*Vanilla roscheri* ni vanila mwitu isiyo na majani: kamba nene ya kijani inayopanda vichakani, yenye maua meupe. Usiichanganye na vanila ya mashambani ya Uganda au Kagera, yenye majani mapana. Maganda ya vanila iliyolimwa hayahitaji kibali cha CITES.

*Microcoelia* nazo hazina majani. Ni fundo la mizizi lenye maua madogo meupe, na mtu anaweza kudhani mmea umekauka.

Ya kitalu au ya msituni?

Miche ya kitalu hulingana ukubwa na mizizi yake imefuata umbo la chungu. Ya msituni huja na vipande vya gome, mizizi iliyokatika, majani yenye makovu na ukubwa usiolingana. Muuzaji akisema "nimeotesha mwenyewe", aonyeshe kitalu na karatasi.

Mbegu ya okidi ni kama vumbi na haina akiba ya chakula. Porini huota kwa msaada wa kuvu, na mche huchukua miaka kufikia kutoa ua. Ndiyo maana mti uliovuliwa okidi zake leo hauna cha kumpa mchumaji msimu ujao.

Kabla ya safari

Anayetoka Kenya aanzie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwa kibali cha CITES na KEPHIS kwa cheti cha afya ya mimea. Upande wa Tanzania, cheti cha afya hutolewa na TPHPA. Kibali kiombwe kwa mamlaka ya CITES. Karatasi hizo hutafutwa kabla mzigo haujapakiwa. Ukifika dirishani mpakani bila hizo, umechelewa.