Majira ya utalii nchini Tanzania

Majira ya utalii nchini Tanzania ni vipindi vya mwaka vinavyotofautiana kwa hali ya hewa, mienendo ya wanyamapori, hali ya bahari na wingi wa wageni. Tofauti hizo ndizo zinazoamua ni sehemu gani ya nchi inafaa kutembelewa katika mwezi fulani. Hakuna mwezi mmoja ulio bora kwa nchi nzima: mvua inayofanya barabara za hifadhi moja zisipitike ndiyo inayochanusha maua katika hifadhi nyingine. Anayepanga safari hulazimika kuanza na mwezi wa likizo yake akatafuta mahali, au kuanza na mahali anapopataka akatafuta mwezi.

Swali hili ni la kale kuliko utalii. Kabla ya meli za injini, wafanyabiashara kutoka Oman, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi walifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi, wakarudi kwao kwa upepo wa kusi. Aliyekosa upepo wa kurudi alibaki bandarini mpaka msimu mwingine.

Pepo na mvua

Majina ya majira katika Kiswahili cha pwani yanafuata upepo na mvua.

- Kaskazi ni upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Huu ndio wakati wa joto kali pwani.
- Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei.
- Kusi ni upepo unaovuma kutoka kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba. Ndani yake kuna kipupwe, yaani miezi ya baridi na ukavu ya Juni hadi Agosti.
- Demani ni kipindi cha upepo mwanana kati ya mwisho wa kusi na mwanzo wa kaskazi.
- Vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba.

Mvua hizi husababishwa na ukanda wa mawingu unaofuata mwendo wa jua kwenda kaskazini na kusini mwa ikweta. Kaskazini mwa nchi, pamoja na pwani ya kaskazini na Zanzibar, ukanda huo hupita mara mbili kwa mwaka, hivyo kuna masika na vuli zilizotenganishwa na kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Kusini, magharibi na katikati ya nchi mvua hizo mbili huungana kuwa msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana Januari ni mwezi mzuri Serengeti lakini ni mgumu kwa magari katika hifadhi za Katavi na Ruaha.

Mwezi kwa mwezi

Januari. Kaskazini kuna ukavu wa muda mfupi. Nyumbu, ambao idadi yao inazidi milioni moja, hukusanyika katika nyanda za nyasi fupi kusini mwa Serengeti na eneo la Ndutu. Udongo wa huko una majivu ya volkeno, na nyasi zake zina madini yanayohitajiwa na majike wenye mimba au wanaonyonyesha. Ni wakati mzuri pia wa kupanda Mlima Kilimanjaro (mita 5,895), na mbingu ya asubuhi mara nyingi huwa safi.

Februari. Huu ndio mwezi ambao ndama wengi wa nyumbu huzaliwa. Wengi huzaliwa ndani ya wiki chache tu, na wingi huo ni kinga: simba na fisi hawawezi kuwala wote kabla hawajapata nguvu za kukimbia. Zanzibar huwa na tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, na mjini Moshi mbio za Kilimanjaro Marathon hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Vyumba katika miji hiyo hujaa mapema.

Machi. Nusu ya kwanza hufanana na Februari. Nusu ya pili huleta masika. Katika Nyanda za Juu Kusini, Hifadhi ya Kitulo bado ina maua.

Aprili. Kwa safari nyingi ni mwezi mgumu kuliko yote. Barabara za udongo mweusi hunasa magari, njia za milimani huteleza, na baadhi ya hoteli za pwani na kambi za porini hufungwa. Bonde la Ngorongoro bado linafaa, kwa kuwa wanyama wake wengi hawahami mwaka mzima na sakafu yake, yenye ukubwa wa takriban km² 260, huwa ya kijani kibichi.

Mei. Mvua hupungua polepole. Makundi ya nyumbu husogea kuelekea magharibi na kaskazini mwa Serengeti. Mwishoni mwa mwezi bahari ya Zanzibar huanza kuwa safi na bei bado ni nafuu.

Juni. Kipupwe huanza. Sehemu ya nyumbu hufika karibu na Mto Grumeti. Nyasi zilizokuwa ndefu huanza kukauka na wanyama huonekana kwa urahisi zaidi. Usiku ni baridi kwenye kingo za Ngorongoro, zilizo juu ya mita 2,000. Mgeni asiye na sweta hujuta.

Julai. Nyumbu huanza kufika Mto Mara, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ambako huvuka maji yenye mamba na mikondo mikali. Katika milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, njia huwa kavu na kutembea kuwatafuta sokwe mtu huwa rahisi zaidi. Dar es Salaam huwa na maonyesho ya Sabasaba, na Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa. Upepo wa kusi ni mkali baharini.

Agosti. Wanyama hukusanyika kwenye maji machache yaliyobaki. Tembo wengi huonekana kandokando ya Mto Tarangire, na Ruaha huwa na wanyama wengi karibu na Mto Ruaha Mkuu. Nyangumi wa nundu hupita pwani wakitoka bahari baridi za kusini.

Septemba. Katavi hufikia kilele chake: viboko hubanana katika madimbwi ya Mto Katuma. Mto Mara bado huwa na makundi yanayovuka. Pwani upepo huanza kupungua na bahari kutulia.

Oktoba. Ni mwisho wa ukavu katika hifadhi za kusini na magharibi. Kuna vumbi na joto, lakini wanyama huonekana vizuri. Kisiwani Mafia huanza msimu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hula viumbe vidogo vya majini na hana madhara kwa waogeleaji. Msimu huo huendelea hadi Februari au Machi. Utafiti umeonyesha kwamba papa wengi hawaondoki Mafia katika miezi mingine. Husogea tu kwenye maji yenye kina, wasionekane kwa urahisi.

Novemba. Vuli hunyesha kaskazini na pwani, mara nyingi kwa saa chache kisha jua likarudi. Nyumbu hurejea kusini kufuata majani mapya. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwasili, hivyo maziwa na mabwawa huwa na aina nyingi za ndege.

Desemba. Maua ya Kitulo huanza kuchanua. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika mikoa ya Mbeya na Njombe, wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ni mojawapo ya hifadhi chache barani Afrika zilizoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Okidi zake zilikuwa zikichimbwa kwa wingi ili mizizi yake ipelekwe Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Maua huendelea hadi Aprili, wakati uleule ambao hifadhi nyingi za wanyama hukosa wageni.

Msimu wa wageni wengi na msimu wa wageni wachache

Miezi ya Juni hadi Oktoba, pamoja na sikukuu za mwisho wa mwaka, huleta wageni wengi zaidi. Sababu si ukavu pekee. Likizo za shule za Ulaya na Amerika Kaskazini huangukia Julai na Agosti. Matokeo yake ni bei kubwa na msongamano. Kwenye vivuko vya Mto Mara magari mengi yanapojipanga ukingoni huweza kuwazuia nyumbu wasivuke.

Masika hubadilisha hali. Bei za hoteli hushuka, na viingilio vya baadhi ya hifadhi za taifa vimekuwa vikipunguzwa kwa wageni kutoka nje kati ya Machi na Mei. Kwa wafanyakazi, hata hivyo, ni miezi ya kipato kidogo. Wapagazi na waongozaji wa mlimani, madereva wa safari, wahudumu wa hoteli za pwani na wauzaji wa vinyago hutegemea sana fedha walizoweka wakati wa msimu. Kwa bahati nzuri masika ni wakati wa kupanda mahindi na maharage kaskazini, hivyo mpagazi mwenye shamba huwa mkulima mpaka Juni. Asiye na shamba hulazimika kutafuta kibarua. Mgeni anayechagua Mei au Novemba badala ya Agosti huchangia kusambaza kipato hicho katika mwaka.

Watalii wa ndani

Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni. Kwao kalenda hupangwa zaidi na likizo za shule za Juni na Desemba, sikukuu za kitaifa na sikukuu za dini.

Desemba ndiyo mwezi wa kurudi nyumbani. Mabasi kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Arusha hujaa kwa ajili ya Krismasi, na asiyekata tiketi mapema huweza kukosa nafasi. Wanaopanga kutembelea Zanzibar huzingatia pia mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka huanza mapema zaidi kwa takriban siku 11 katika kalenda ya kawaida. Wakati huo migahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana, ilhali usiku bustani ya Forodhani na vichochoro vya Mji Mkongwe huchangamka. Siku za Idi vivuko hujaa abiria.

Usalama wa safari

Kuchagua mwezi si suala la starehe tu. Bahari kati ya Dar es Salaam na Zanzibar huchafuka wakati wa kusi. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali, na watu wengi walifariki. Mnamo Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani na kupiga kisiwa cha Mafia, na safari za vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa.

Milimani hatari hubadilika kulingana na mvua. Njia za Usambara na Udzungwa huteleza wakati wa masika, na juu ya Kilimanjaro mvua ya chini huwa theluji na mawingu huficha njia. Katika hifadhi za kusini maji ya mito huweza kukata barabara na kuwafungia wageni upande mmoja.

Mabadiliko ya mvua

Kalenda hii ni ya wastani wa miaka mingi. El Niño mara nyingi huongeza mvua za vuli, kama ilivyotokea mwaka 1997 na 2023, na katika miaka mingine mvua huchelewa au huisha mapema. Nyumbu hawafuati tarehe bali hufuata mvua na majani, hivyo wanaweza kufika Mto Mara wiki kadhaa kabla au baada ya siku zilizotangazwa na mawakala wa utalii.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika, wa vuli na wa msimu wa mvua wa Novemba hadi Aprili kabla ya kila kipindi kuanza, pamoja na tahadhari za upepo na mawimbi. Utabiri huo huandaliwa zaidi kwa ajili ya wakulima, wavuvi na mipango ya maafa, lakini humfaa pia msafiri: mwezi huchaguliwa kwa kalenda, na siku ya kuondoka kwa kuangalia anga.