Unywaji wa Pombe Nchini India

Wahindi wengi wenye umri wa utu uzima hawanywi pombe kabisa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa miaka ya 2019 hadi 2021 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, wanywaji ni takriban asilimia 19 ya wanaume na asilimia 1 tu ya wanawake. Waislamu na Wajaini wamekatazwa na dini zao, na kwa Wahindu wa matabaka ya juu kujiepusha na kileo kumehesabiwa tangu zamani kuwa alama ya heshima.

Hata hivyo, hali hutofautiana sana kutoka jimbo hadi jimbo. Katika Arunachal Pradesh, kaskazini-mashariki, zaidi ya nusu ya wanaume na karibu robo ya wanawake hunywa, kwa kuwa huko pombe ya mchele iitwayo apong hupikwa majumbani na kukaribishiwa wageni. Kerala, iliyo kusini, hugema tembo la mnazi kama wafanyavyo wagema wa pwani ya Afrika Mashariki.

Lakini kwa nchi nzima kinachonywewa zaidi ni pombe kali. Wiski nyingi ya India hutokana na spiriti ya molasi, yaani masalia ya maji ya miwa baada ya sukari kutolewa, na mtu wa kipato kidogo huinunua katika chupa ya mililita 180, iitwayo pauwa huko kaskazini, akaimaliza upesi kando ya barabara kwa sababu kunywa mbele ya wazazi na watoto ni aibu. Unywaji wa namna hii haulengi maongezi bali ulevi, na ndiyo maana uchache wa wanywaji haujapunguza madhara kwa kiasi ambacho mtu angetarajia: ripoti ya serikali ya mwaka 2019 ilikadiria wanywaji kuwa milioni 160, na kati yao milioni 57, zaidi ya theluthi moja, walihitaji msaada kwa matatizo yatokanayo na pombe.

Mzigo huo huwaelemea hasa wanawake, ambao wengi wao hawanywi. Mwaka 1992, katika kijiji cha Dubagunta, Andhra Pradesh, wanawake waliokuwa wakihudhuria madarasa ya kisomo waliungana kupinga uuzaji wa araki, pombe kali ya bei nafuu iliyokuwa ikimaliza ujira wa waume zao, na upinzani wao ukaenea jimbo zima hadi pombe ikapigwa marufuku mwaka 1995. Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1997, kwani ushuru wa pombe ni mapato ya serikali ya jimbo, na hazina ilikuwa imeathirika vibaya.

Gujarat imedumisha marufuku tangu kuundwa kwake mwaka 1960, na Bihar iliiweka mwaka 2016. Huko Bihar maskini wameangukia pombe ya magendo, ambayo mara nyingine huwa na methanoli, kemikali ya viwandani inayopofusha na kuua; katika wilaya ya Saran makumi ya watu walikufa Desemba 2022. Serikali ya jimbo ilikataa kwanza kuwafidia wafiwa, kisha Aprili 2023 ikakubali kuwalipa rupia laki 4, kwa sharti kwamba waandike kuwa marehemu aliuawa na pombe ya sumu na kwamba wao wanaunga mkono marufuku.