Kumlinda Tumbusi Kunaanzia Zizini

Mji wa Rhamu, Kaunti ya Mandera, uko kando ya Mto Daua, na ng'ambo ni Ethiopia. Magharibi yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Malka Mari, iliyotangazwa mwaka 1989. Hifadhi hiyo inaishia mtoni, kwenye mpaka. Tumbusi haishii hapo. Hubebwa na hewa ya joto akivuka nchi moja hadi nyingine kutafuta mzoga.

Mzoga huo ndio unaomponza. Fisi akiua mbuzi, mfugaji mwenye uchungu huweza kuutia mzoga dawa ya kuulia wadudu ili amkomeshe. Lakini tumbusi hula kwa makundi, na mzoga mmoja unaweza kuua makumi yao. Kwa kuwa jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa msimu, pengo hilo huchukua miaka mingi kuzibika.

Mkataba wa Kuhifadhi Wanyamapori Wanaohamahama ulitiwa saini Bonn, Ujerumani, mwaka 1979. Kenya, Ethiopia na Somalia zote ni wanachama. Mwaka 2017, mjini Manila, wanachama walipitisha mpango wa kulinda aina 15 za tumbusi katika nchi 128, na sumu ni miongoni mwa maadui wakuu waliotajwa. Mkataba huzifunga serikali, ila anayeamua kuhusu mzoga ni mwenye mbuzi.

India imeonyesha njia. Mwaka 2012, huko Nagaland, kozi wa Amur walinaswa kwa nyavu kwa makumi ya maelfu. Ndege hao huvuka bahari na kupita Somalia na Kenya wakielekea kusini mwa Afrika. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe, wakishirikiana na serikali na wahifadhi, waliacha uwindaji huo.

Hapa kwetu, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatambua fidia kwa mifugo iliyouawa na fisi. Fidia hiyo ilipwe mapema, kabla hasira haijazaa sumu, na wafugaji wa kingo zote mbili za Daua wahusishwe katika mipango ya ulinzi. Nawe ukiona mzoga unaoushuku, usiuguse. Zuia mbwa na mifugo wasiukaribie, kisha uwaarifu askari wa wanyamapori mara moja.