Ubeti wa Tatu Una Miiba

Mtoto wa Mbaga, katika milima ya Upare wilayani Same, haelezwi hori ni nini. Milimani kule mashamba yamebanana kwenye miteremko, kwa hiyo kaya nyingi hufugia ng'ombe bandani, na kazi ya kukata majani na kuyajaza horini huwaangukia watoto wakitoka shule. Mtoto huyo anaijua harufu ya hori. Anajua ng'ombe hulilamba mpaka mbao zikalainika. Anajua pia kwamba hakuna mama ambaye angemlaza kichanga humo kama angepata pengine pa kumweka. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anayefundisha Luka sura ya pili huko Vudee, Chome au Suji amekwisha kufanyiwa nusu ya kazi kabla hajafungua kinywa.

Tatizo ni kwamba Desemba ikifika, sauti inayovuma zaidi si ya horini. Mabasi ya Dar es Salaam hushusha Wapare waliokuja kula sikukuu nyumbani, pamoja nao hushuka simu na spika, na kwenye spika kuna kengele za farasi wakivuta gari juu ya theluji. Wimbo huo, Jingle Bells, ulichapishwa Marekani mwaka 1857 na James Lord Pierpont. Hautaji Krismasi hata mara moja, wala Yesu. Mwaka huohuo, katika nchi hiyohiyo, mtu mwingine aitwaye John Henry Hopkins alitunga wimbo kwa ajili ya igizo la Krismasi, akausimamisha juu ya dhahabu, uvumba na manemane. Nyimbo mbili za mwaka mmoja, zote za kuchangamsha watoto. Wa kwanza hauna cha kumfundisha imani mtoto wa Same, na wa pili una kingi kuliko walimu wengi wanavyoshuku. Tutaurudia.

Upare ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu madhehebu yake yamekuwa yakiwaimbisha watoto kwa zaidi ya karne. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi Shigatini, Upare Kaskazini, mwaka 1900. Waadventista Wasabato walifika Mamba Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na hapo ndipo Kanisa lao lilipozaliwa nchini Tanzania. Leo makao makuu ya Dayosisi ya Pare ya KKKT yako Same, na Jimbo Katoliki la Same nalo lina kiti chake mjini humo. Walutheri wana Mwimbieni Bwana, Wasabato wana Nyimbo za Kristo, na Wakatoliki wana hazina kubwa ya nyimbo za Noeli zilizotungwa na Watanzania wenyewe. Wasabato hawafuati kalenda ya Majilio na Noeli kama wenzao, lakini habari ya kuzaliwa Yesu wanaiimba. Katika ukoo mmoja wa Kipare unaweza kuwakuta wote watatu, pamoja na mjomba Mwislamu anayekuja kula pilau.

Kuimba ili kufundisha si ubunifu wa juzi. Martin Luther, aliyeandika Katekismo Ndogo mwaka 1529, alitunga pia wimbo wa Krismasi, Vom Himmel hoch, uliochapishwa mwaka 1535 na kuandikwa wazi kuwa ni wa watoto. Una beti kumi na tano. Beti za mwanzo ni sauti ya malaika anayeleta habari. Zinazofuata ni za wale walioisikia, wanaokwenda horini kutazama na kumkaribisha mgeni. Yaani ni igizo tayari, halihitaji mtu kuliandika upya: mtoto mmoja anasimama juu ya benchi awe malaika, wengine wanajibu kutoka chini. Mwalimu anayehangaika kutafuta ngonjera ya mkesha wa Krismasi angeweza kuanza na mpangilio huo.

Karibu miaka mia tatu baadaye, mjini Weimar, Johannes Daniel Falk alikuwa na nyumba iliyojaa yatima wa vita vya Napoleon. Yeye mwenyewe alikuwa amezika watoto wake wanne katika mwaka 1813. Kwa ajili ya wale yatima alitunga O du fröhliche, wimbo ambao Wajerumani hawamalizi ibada ya Krismasi bila kuuimba. Wengi hawajui kwamba Falk aliutunga uwe wa sikukuu tatu: ubeti wa Krismasi, ubeti wa Pasaka na ubeti wa Pentekoste. Hakutaka mtoto aliyefiwa aachwe horini peke yake bila kuonyeshwa kaburi tupu.

Aliyeifanya kazi hii kwa mpango kuliko wote ni Cecil Frances Alexander wa Ireland. Mwaka 1848 alitoa kitabu cha nyimbo za watoto wadogo kilichogawa mafundisho ya Kanisa kipande kwa kipande, zikiwamo ibara za Imani ya Mitume. Kwa ibara ya Mungu Muumba aliandika wimbo juu ya viumbe. Kwa mateso chini ya Pontio Pilato aliandika wimbo wa kilima nje ya mji. Na kwa maneno ya kuzaliwa na Bikira Mariamu aliandika wimbo wa Krismasi uanzao na mji wa Daudi, ambao tangu 1919 ndio unaofungua ibada mashuhuri ya mkesha wa Krismasi katika kanisa la King's College, Cambridge. Mwanafunzi wa kipaimara wa Same anayekariri ibara hizohizo kwa jasho angeshangaa kusikia kwamba kuna watoto waliozimeza zikiwa zimeungwa na sauti.

Hata hivyo Alexander ana kasoro yake, na isifichwe. Katika wimbo huohuo anageuka ghafla kuwaambia watoto wawe wapole na watiifu kwa sababu Yesu alikuwa hivyo. Habari ya Mungu kushuka inageuzwa kuwa onyo la tabia njema. Walimu wetu nao wana ugonjwa huo: wimbo haujaisha, mtoto ameshaambiwa asichezecheze.

Sasa kuhusu beti zenyewe. Nyimbo nyingi kuu za Krismasi zimejengwa kwa namna moja: ubeti wa kwanza unapiga picha, na fundisho linakuja nyuma. Ubeti wa kwanza una usiku, nyota, wachunga kondoo. Wa pili na wa tatu ndizo zinazosema huyu mtoto ni nani na amekuja kufanya nini. Adeste Fideles, wimbo wa Kilatini unaofungamanishwa na John Francis Wade wa karne ya 18, una ubeti wa pili uliochukua maneno yake moja kwa moja kutoka Imani ya Nikea, yale ya Mungu kutoka kwa Mungu na nuru kutoka kwa nuru. Kwa hiyo kwaya ya watoto inayoimba ubeti wa kwanza, ikaruka hadi kiitikio na kukaa, imeimba mwaliko bila kusema wanaalikwa kwa nani.

Mfano mkali kuliko yote ni ule wimbo wa Isaac Watts ambao Waingereza huuita Joy to the World. Watts aliuchapisha mwaka 1719 akiifuata Zaburi ya 98. Hauna hori, hauna Mariamu, hauna nyota. Unahusu mfalme anayekuja kutawala dunia, na mito na vilima vinampokea. Ubeti wake wa tatu, ambao vitabu vingi vya nyimbo vimeuondoa, unazungumzia miiba: kwamba laana iliyotamkwa juu ya ardhi katika Mwanzo sura ya tatu inafikia mwisho, na baraka inakwenda mpaka pale laana ilipokuwa imefika. Watunzi wa vitabu huko Ulaya huenda waliona miiba haipendezi siku ya sikukuu. Lakini mtoto wa Makanya, Hedaru au Ruvu anaishi na miiba. Migunga inazunguka nyumba yao, matawi yake ndiyo ua wa zizi la mbuzi, na kila wiki kuna mtu wa kung'olewa mwiba mguuni. Mwambie mtoto huyo kwamba Mungu alikuja mpaka kwenye miiba. Atakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Ukimwambia habari za theluji itabidi umwonyeshe Kilimanjaro kwa mbali, kisha umweleze kwa nini inahusika, na ukweli ni kwamba haihusiki. Habari ya kuzaliwa Yesu katika Injili haina theluji.

Tumrudie Hopkins na zawadi zake. Mathayo hasemi mamajusi walikuwa watatu, wala hasemi walikuwa wafalme. Idadi ilitokana na zawadi tatu, na taji zilitoka kwenye Zaburi ya 72 na Isaya 60. Mwalimu asione haya kuwaambia watoto hivyo; mtoto anayefundishwa kutofautisha maandiko na mapokeo hatashtuka akiwa mtu mzima. Hopkins aliipa kila zawadi ubeti wake: dhahabu kwa mfalme, uvumba kwa Mungu, manemane kwa atakayekufa na kuzikwa. Tafsiri hiyo hakuibuni yeye. Ireneo wa Lyon aliitoa katika karne ya pili. Na manemane hurudi katika Injili ya Yohana, Nikodemo anapoyaleta kwa mazishi ya Yesu, hivyo kitu kimoja kinashika ncha zote mbili za maisha yake.

Hapa Same ina bahati ambayo Cambridge haina. Manemane ni utomvu wa mti wa jenasi ya Commiphora, na tambarare ya Mkomazi, kuanzia pale milima inapoishia upande wa mashariki, ni nyika ya migunga na Commiphora. Spishi ya manemane ya Biblia humea kaskazini zaidi, Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, lakini ndugu zake wamejaa Same, na wengi wao hutoa utomvu wenye harufu gome likikwaruzwa. Si lazima kuingia hifadhini na kugombana na askari wa wanyamapori, maana miti haikuchorewa mpaka. Kijiti kimoja kikipitishwa mikononi mwa darasa, kikanuswa, kinatosha kuanzisha ubeti wa manemane wa Hopkins.

Lakini maana ya ishara isiharakishwe. Jean Piaget alionyesha kwamba mtoto wa umri wa miaka saba hadi kumi na moja hivi hufikiri kwa vitu anavyoviona na kuvishika, na James Fowler, katika kitabu chake cha 1981 juu ya hatua za imani, alieleza kwamba watoto wa shule ya msingi hupokea hadithi na ishara kama zilivyo, bila kuzipasua kutafuta maana ya ndani. Mwenye miaka sita anuse utomvu na kuimba, basi. Swali la kwa nini mtu amletee mtoto mchanga dawa ya maiti likae hadi darasa la kipaimara, na huko liulizwe kwa kumaanisha.

Nyimbo nyingine zinafundisha kwa kukosea. Away in a Manger, iliyoanza kuchapishwa Marekani miaka ya 1880 na kusingiziwa Luther, inadai kwamba ng'ombe walipomwamsha mtoto Yesu hakulia. Mtoto wa Kipare mwenye mdogo wake nyumbani atatia shaka papo hapo, naye ana haki. Kanisa linafundisha kwamba Yesu alikuwa mtu kweli, na kichanga cha kweli hulia. Mwalimu hodari hawezi kupata mlango mzuri zaidi wa kuingilia fundisho la Neno kufanyika mwili.

Kuna pia ishara za uongo zinazosambazwa kwa simu kila Desemba. Maarufu ni ile ya wimbo wa Kiingereza wa siku kumi na mbili za Krismasi, kwamba eti ulikuwa katekisimu ya siri ya Wakatoliki walioteswa, kila zawadi ikisimama badala ya fundisho fulani. Wimbo huo ulichapwa London takriban mwaka 1780 katika kitabu cha michezo ya watoto, na dai la siri halionekani popote kabla ya 1979. Mambo yanayodaiwa kufichwa humo, mengi yake hata Waprotestanti waliyakiri hadharani. Yaachwe.

Kwa walimu wa Same na milima yake, ushauri ni mmoja, nao ni wa kalenda. Katika KKKT, sikukuu ya Mikaeli na Watoto huangukia mwishoni mwa Septemba, na watoto huwa wamekwisha kufanya mazoezi ya wiki nyingi. Wasiachiwe wakatawanyika mpaka wiki ya mwisho ya Novemba. Makatekista na walimu wa Shule ya Sabato nao wanaweza kuanza wakati huo. Chagueni wimbo mmoja tu mwezi Oktoba, uwe na beti zisizopungua tatu, na uimbwe wote.