Mwisho "-ster" katika Maneno ya Kiingereza

Mwalimu afundishaye Kiingereza huulizwa na wanafunzi wake, "Neno spinster maana yake nini?" Naye akiisha kutazama kamusi hujibu, "Mwanamke asiyeolewa," kisha huendelea na somo. Jibu hilo si la uongo, lakini neno lenyewe halikuanza kwa kusema habari za mume. Lilitaja kazi ya mikono: "spin" ni kusokota uzi, na "spinster" ni msokotaji.

Na tutazame mwisho wake. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaitwaa nchi mwaka 1066, mwanamume mtenda kazi aliitwa kwa neno lenye mwisho "-ere", na mwanamke kwa "-estre". Mwimbaji mwanamume alikuwa "sangere", na mwanamke "sangestre". Sisi katika Kiswahili hatupambanui hivyo; mwimbaji ni mwimbaji, awe mume au mke. Hata kwao kanuni haikushikwa sana, maana "bæcestre", yaani mwoka mikate, lilitumika kwa wanaume pia. Baadaye, hasa pande za kaskazini, mwisho huo ukawa wa watu wote.

Mengi ya maneno hayo yamekufa katika mazungumzo, lakini yangali hai katika majina ya jamaa. Baxter ni mwoka mikate. Brewster ni mpika pombe. Kempster ni mchana sufu. Webster ni mfuma nguo, nalo ni jina la Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa huko Marekani mwaka 1828. Dempster ni mwamuzi, na katika kisiwa cha Man hakimu mkuu aitwa "Deemster" hata leo. "Whitster", mtu afanyaye nguo kuwa nyeupe, halisikiki tena, ila msomaji atalikuta katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Merry Wives of Windsor.

Watu walipokwisha kusahau kwamba "-ster" ilikuwa alama ya mwanamke, wakaongeza alama nyingine iliyotoka kwa Wafaransa, "-ess". Ndiyo sababu mshona nguo mwanamke aitwa "seamstress": ametiwa alama mara mbili. Tena mwisho huo ukaanza kutumika kwa kudharau, kama katika "trickster", mtu wa hila, na "rhymester", mtunga mashairi hafifu.

Hapa mwalimu ajihadhari. Si kila neno liishialo hivyo ni la ukoo huu. "Master" na "minister" yatoka katika Kilatini, na "sister" ni jina la udugu la tangu zamani sana.

Sasa turudi kwa msokotaji. Kusokota kulikuwa kazi ya wanawake, na katika hati jina la mtu liliandikwa pamoja na kazi yake. Kwa desturi hiyo, kufika karne ya 17, "spinster" lilikuwa limekuwa jina la kisheria la mwanamke asiyeolewa, hata kama hakupata kushika uzi maishani mwake. Kisha likaingiwa na dharau, likawa kama kusema, "Huyu amekosa wa kumwoa." Katika Uingereza liliandikwa katika vitabu vya ndoa mpaka mwaka 2005, ndipo likaondolewa, na mahali pake pakawekwa neno moja tu kwa mume na mke ambao hawajafunga ndoa.

Basi mwanafunzi akiuliza tena, aambiwe mambo mawili. Kwanza, asimwite mwanamke yeyote kwa neno hilo leo, kwa kuwa atamtweza. Pili, wale walioitwa hivyo hapo mwanzo waliitwa kwa kazi yao, nao ndio waliowavika watu.