MAELEZO KWA WANANCHI: PAA LA BATI

Wakaazi wa Ifakara na Bonde la Kilombero wanaokusudia kuuza mpunga ili waezeke bati wanashauriwa kuzingatia yafuatayo.

Bati halishiki moto kama nyasi, hudumu miaka mingi, na maji yake ya mvua hukingika. Hata hivyo, mchana hupata joto kali, na bondeni joto hilo humfanya mtu aone dhiki kulala ndani ya chandarua.

Aidha, bati peke yake halizuii malaria. Mbu waienezao hupenya zaidi kwenye mwanya ulio baina ya ukuta na paa. Mwanya huo ukizibwa kwa udongo, hewa nayo huzuilika. Ukiwekwa wavu, mbu huzuilika na hewa hupita.

Wanunuzi wakumbuke kwamba geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28.

Kwa hiyo, ambaye fedha zake zinatosha bati tu, bila ya kenchi madhubuti na wavu, ni bora asubiri mavuno mengine, na hapana aibu. Mwanya wa nyumba ya nyasi nao wafaa kuwekwa wavu tangu sasa.